Lorica: vazi la kifua la Waroma, na maana zote zenye zilifuata

Wanafunzi wa latin-philo wanajua hii shida. Profesa anawapatia kipande cha Julius Caesar juu ya vita vya Alesia, mu inchi ya Wagaule, yenye leo ni Ufaransa. Ni mwaka wa 52 mbele ya Kristo. Caesar anaeleza namna waaskari wake walijenga boma la futi 12, kisha ku lile boma wakaongeza lorica. Mwanafunzi anafungua diksionere, anasoma maana ya kwanza, na anaandika: "Walivalisha boma koti ya chuma." Darasa yote inacheka.

Lakini yule mwanafunzi hakupotea mbali. Lorica ni kweli koti ya kukinga kifua. Shida ni kwamba hii neno haikubakia ku kifua cha askari. Ilienda ku ukuta, ikaingia mu Biblia ya Kilatini, ikakuwa jina la sala, na leo watu wa siyansi wanaitumia kwa kuita ganda la viumbe vyenye macho yetu haiwezi kuona. Mu hii makala tunafuata ile safari, maana moja kisha ingine. Itasaidia wenye wako wanasoma Kilatini, wenye wako wanajitayarisha kwa egzameni ya serikali, na kila mutu mwenye alishajiuliza: kitu gani kinaweza kweli kukinga mwili wa mutu?

Neno yenyewe inatoka wapi

Lorica inatamkwa lo-RI-ka. Nguvu ya sauti inaangukia silabi ya mbele ya mwisho, sawa vile sisi wenyewe tunatamkaka maneno yetu ya Kiswahili. Mu sarufi ni jina la kike la kundi ya kwanza: lorica, loricae. Mutu mwenye kuivaa anaitwa loricatus.

Mwandishi Muroma Varro, mwenye aliishi wakati moja na Caesar, aliandika kitabu juu ya lugha ya Kilatini. Mule anaeleza kwamba lorica inatoka ku neno lorum, maana yake mukanda wa ngozi. Anasema kwamba zamani watu walikuwa wanakata mikanda ya ngozi mbichi na kutengeneza kinga ya kifua. Kisha, anaendelea, ile jina ikachukuliwa pia kwa vazi la Wagaule, shati lenye kutengenezwa na pete za chuma.

Kwa hiyo, tangu wakati wa Varro, neno ilikuwa imekwisha kubadilisha kitu chenye inataja. Ngozi ilitoka, chuma ikaingia, jina ikabakia. Mu maana zote zenye zitafuata tutaona namna ileile: kitu kinabadilika, kazi yake inabakia, ni kusimama katikati ya mwili laini na kitu chenye kinakuja kuuumiza.

Aina za lorica za waaskari

Mu vitabu vya historia utakuta lorica inafuatwa na neno la pili lenye kuonyesha namna ilitengenezwa. Hizi njo aina kubwa:

Lorica hamata. Ni shati la pete za chuma. Kila pete inashikana na zingine ine, maelfu na maelfu ya pete, kazi ya miezi. Ilikuwa nzito, kilo 10 hivi, lakini inakunjika na mwili na inaweza kutengenezwa kama imeharibika. Waroma waliitumia kwa karne mingi kuliko aina zingine.

Lorica squamata. Squama ni gamba la samaki. Hapa vipande vidogo vya chuma ao shaba vinafungwa moja juu ya ingine, sawa magamba ya samaki ao ya kakakuona. Inangaa sana ku jua.

Lorica segmentata. Njo ile yenye tunaonaka mu filme: mabamba ya chuma yenye kuzunguka tumbo na mabega, yenye kufunikana sawa manjanja ku paa, na kushikwa ndani na mikanda ya ngozi. Lakini jina "segmentata" haiko ya Waroma. Ilitungwa na wasomi wa Ulaya nyuma ya miaka zaidi ya elfu moja. Mu 1964, ku Corbridge mu Uingereza, watafiti walifukua sanduku lenye vipande vya lorica za namna hii, na pale njo walifahamu muzuri namna zilikuwa zinafungwa. Mu 2018, ku Kalkriese mu Ujerumani, walipata ingine yenye ilikuwa karibu nzima. Watafiti wanaiunganisha na vita vya mwaka wa 9, wakati Wajerumani waliangamiza majeshi matatu ya Roma.

Lorica musculata. Ni ile yenye kuchongwa sawa kifua cha mutu mwenye nguvu, na misuli yote inaonekana. Ilikuwa zaidi ya wakubwa na ya sanamu. Hii jina pia ni ya wasomi wa nyuma.

Nani alikuwa anaivaa

Watu wengi wanafikiri kila askari wa Roma alivaa lorica. Haiko vile. Mu karne ya 2 mbele ya Kristo, Polybius, Mugiriki mwenye aliishi miaka mingi mu Roma, aliandika namna jeshi la Roma lilikuwa limepangwa. Anasema kwamba askari wa kawaida alikuwa anavaa kibamba cha shaba ku kifua, chenye upana wa shubiri moja kila upande. Shubiri ni kipimo cha vidole vyenye kunyooshwa, kutoka kidole gumba mpaka kidole kidogo. Kile kibamba waliita "kinga ya moyo", kwa sababu kilikuwa kinafunika moyo na si zaidi. Shati la pete za chuma lilikuwa la wale wenye mali yao ilipita drakma 10 000.

Sababu ni kwamba wakati ule askari alikuwa anajinunulia silaha yake mwenyewe. Mutajiri anafunika kifua, tumbo na mabega. Mukosefu anafunika shubiri moja, na anasimama mu mustari ule ule, mbele ya mikuki ile ile. Kisha, wakati serikali ya Roma ilianza kupatia waaskari vyombo, lorica ikaenea zaidi. Lakini hata pale, si wote walikuwa na aina moja.

Tunataja hii jambo kwa sababu mu diksionere haionekane. Diksionere inasema "kinga ya kifua ya askari". Haisemi ya askari gani.

Lorica ya ukuta

Sasa turudie ku Alesia. Wakati Caesar anasema walitia lorica ku boma, anataka kusema ukuta mudogo wa juu, wenye kufika ku kifua cha mutu. Askari anasimama nyuma yake, anarusha mukuki, kisha anainama. Ni kinga ya kifua, lakini haivaliwe: imesimikwa.

Tena haikuwa lazima ikuwe ya majiwe. Mu sehemu ingine ya kitabu chake, wakati kambi moja ya Waroma ilizungukwa na adui, Caesar anasema waaskari walitengeneza hizi lorica kwa fito zenye kusukwa, sawa vile tunasukaka kitunga. Walifanya hii kazi usiku, na hata wagonjwa na wenye vidonda hawakupewa nafasi ya kupumuzika.

Kwa hiyo tafsiri muzuri ya ile kipande cha Alesia ni: "waliongeza ukuta wa kujikinga kifua juu ya boma." Profesa atakubali.

Lorica mu Biblia ya Kilatini

Wakristo wa Magaribi walisoma Biblia kwa Kilatini kwa zaidi ya miaka elfu. Ile tafsiri inaitwa Vulgata, na sehemu yake kubwa ilitumikiwa na mutakatifu Yeronimo kuanzia mwisho wa karne ya 4. Mule lorica inarudia mara mingi.

Mahali yenye kujulikana zaidi ni Waefeso 6:14, pale Paulo anaeleza silaha za Mukristo. Vulgata inasema lorica ya haki. Biblia ya Kiswahili inasema dirii ya haki. Dirii ni neno lenye Kiswahili kilitoa ku Kiarabu, na maana yake ni ile ile: vazi la chuma la vita. Neno deraya iko ya ukoo moja nayo. Mu Tanzania wanasemaka gari la deraya kwa gari yenye chuma ya kuzuia risasi. Mu barua ya kwanza kwa Watesalonike, sura ya 5, Paulo anarudilia mufano, lakini pale lorica ni ya imani na upendo.

Mahali ingine ni 1 Samweli 17. Goliati alikuwa amevaa lorica squamata, ile ya magamba, yenye uzito wa shekeli 5 000 za shaba. Wenye kuhesabu wanasema ni kama kilo 55, kupita mufuko moja wa simenti. Kisha, mu sura ile ile, mufalme Sauli anavalisha Daudi lorica yake mwenyewe. Daudi anajaribu kutembea, anashindwa, anaivua. Hakuwa ameizoea. Mutoto muchungaji anaenda na fimbo, kombeo na majiwe tano, na jiwe linapiga Goliati ku paji ya uso, mahali lorica haifike.

Lorica ya maneno

Kutoka ku barua za Paulo, Wakristo wa Irlandi walipiga hatua ingine. Kama haki inaweza kuwa lorica, basi sala pia inaweza. Kule, kuanzia karne ya 7 hivi, watawa walianza kutunga sala za kuomba ulinzi, na wakaziita lorica. Mutu alikuwa anaisema asubui mbele ya kutoka, ao mbele ya safari.

Yenye kujulikana zaidi inaitwa Lorica ya mutakatifu Patriki. Patriki mwenyewe aliishi mu karne ya 5, lakini wachunguzi wa lugha wanaona kwamba maneno yenye tuko nayo iliandikwa nyuma yake, karibu karne ya 8. Ndani yake mutu anaomba Kristo akuwe pande zake zote: mbele, nyuma, juu, chini, kuume na kushoto. Wakatoliki, Waprotestanti na Waanglikana wanaitumia mpaka leo mu lugha mingi.

Iko ingine yenye inahusishwa na mutawa Laidcenn, mwenye alikufa mu 661. Hii inahesabu viungo vya mwili kimoja kimoja kutoka ku kichwa mpaka ku miguu: macho, meno, mabega, mbavu, vidole, mpaka viungo vya ndani. Mutu anaomba ulinzi kwa kila kimoja, sawa fundi mwenye kuunga pete za chuma moja na ingine bila kuacha tundu.

Mama mwenye anaenda shamba asubui na anaomba njiani atafahamu ile sala bila maelezo mingi. Anajua hatari iko wapi, anajua mwili wake uko laini, na hana chuma ya kuvaa.

Lorica ilienda pia upande mwingine. Mu Italia, mutawa moja mwenye alikufa mu 1060 anaitwa Dominiko Loricatus, maana yake Dominiko mwenye kuvaa lorica. Alivaa koti ya chuma moja kwa moja ku ngozi yake, miaka na miaka, kwa kujiazibu juu ya zambi. Vazi la kukinga mwili likakuwa vazi la kuutesa.

Wakati watu wanafikiri risasi itageuka maji

Waroma na Wairlandi hawako peke yao katika kutafuta ulinzi wenye hauna chuma. Kwetu pia historia iko nayo, na wazee wengi wanaikumbuka.

Mu 1905, kusini mwa inchi yenye leo ni Tanzania, wakati wa ukoloni wa Wajerumani, Kinjikitile wa Ngarambe alipatia watu maji yenye ilisemekana itageuza risasi kuwa maji. Njo ile vita inaitwa Maji Maji. Ilidumu mpaka 1907. Makumi ya maelfu ya watu walikufa, wengi kwa njaa, kwa sababu Wajerumani walichoma mashamba na gala za chakula.

Mu 1964, mu mashariki ya Kongo, wapiganaji Simba walikuwa wanapokea dawa na kunyunyiziwa maji mbele ya vita. Walikuwa wanapiga kelele "Mai Mulele!", kwa jina la Pierre Mulele. Dawa ilikuwa na masharti: usiibe, usiguse mwanamuke, usigeuke nyuma wakati wa vita. Kama mupiganaji amekufa, wenzake walisema alivunja sharti. Kwa namna ile dawa yenyewe haikukosea hata siku moja. Kosa ilikuwa kila wakati ya marehemu. Jina ya vikundi vya Mai-Mai, tangu miaka ya 1990, inatoka mu hii hii historia ya maji.

Hapa tuseme wazi. Sala ya Patriki inaomba. Haiahidi kwamba mukuki utakunjika. Mutu mwenye kuomba mbele ya safari anajua kama anaweza kuumia, na angali anachunguza njia. Lakini mutu mwenye anaambia kijana kwamba risasi haitamuingia, anamutuma mbele ya bunduki bila kinga yoyote, tena anamuondolea woga wenye ungemuokoa. Wengi kati ya wale wenye waliambiwa vile walikuwa watoto. Risasi haisikie maneno. Inasimamishwa na kitu kigumu, ao na umbali.

Lorica ya viumbe vidogo na vikubwa

Wakati wasomi wa Ulaya walianza kupatia wanyama na mimea majina ya siyansi, walitumia Kilatini na Kigiriki. Kila mara walikuta kiumbe chenye ganda, lorica ilikuwa tayari mu mudomo.

Rotifera. Ni viumbe vidogo sana vya maji. Kingi havifike nusu ya milimetre. Vinaishi mu maziwa, mitoni na hata mu madimbwi. Vingi viko na ganda lenye kufunika mwili, na ile ganda inaitwa lorica. Brachionus ni moja wao. Kuko jambo la ajabu juu yake: wakati adui yake, rotifera mwingine mwenye jina Asplanchna, iko mu maji, harufu yake inafikia mama Brachionus, na mayai ya yule mama inatoa watoto wenye miiba mirefu zaidi ku lorica. Adui anashindwa kuwameza. Mama mwenyewe hapati ile miiba. Ni watoto njo wanazaliwa na silaha. Kama tunakula sambaza ya ziwa Kivu, tukumbuke kwamba ile samaki inakomaa kwa kula viumbe vidogo vyenye kuelea mu maji. Rotifera ni moja ya makundi ya vile viumbe.

Lorisifera. Jina yao inatoka ku lorica na neno ferre, maana yake kubeba: "wenye kubeba lorica". Ni kundi nzima la wanyama wa bahari, wadogo kuliko milimetre moja, wenye kuishi katikati ya chembe za muchanga. Siyansi haikuwajua mpaka 1983, wakati Reinhardt Kristensen wa Denmark alieleza wa kwanza, Nanaloricus mysticus, mwenye alipatikana karibu na Roscoff, ku pwani ya Ufaransa. Mufikirie: watu walikuwa wamekwisha kutembea ku mwezi, na angali kundi nzima la wanyama lilikuwa halijapata jina.

Mamba. Mu 1820, Mujerumani Merrem aliita mamba na ndugu zake Loricata, wenye kuvaa lorica, juu ya vibamba vya mufupa vyenye viko chini ya ngozi ya mugongo. Wavuvi wa Ruzizi na wa ziwa Tanganyika hawana lazima ya Kilatini kwa kufahamu. Mugongo wa mamba ni chuma. Tumbo lake ni laini.

Samaki wa Amerika ya Kusini. Kuko jamaa kubwa ya samaki, Loricariidae, yenye aina mamia, wenye miili imefunikwa na vibamba vya mufupa. Wanashikamana ku majiwe na mudomo.

Na kakakuona? Jina yake ya siyansi haitoke ku lorica, lakini yeye njo anafanana zaidi na askari wa lorica squamata. Wakati wa hatari anajikunja sawa mupira, magamba inje, tumbo ndani. Simba anajaribu, anachoka, anaenda zake. Lakini mbele ya mutu ile kinga inageuka mutego: mutu anamuokota tu, sawa jiwe, na kumutia mu mufuko. Mu 2016, inchi za dunia zilikubaliana kukataza biashara ya kakakuona wa aina zote kati ya inchi na inchi. Magamba yake, yenye yalimulinda kwa miaka mamilioni, njo leo yanamuuwisha.

Mu ramani pia utakutana na hii jina: kuko muji wa Santa Cruz de Lorica mu Kolombia, kandokando ya muto Sinú.

Lorica ya leo

Jile ya kuzuia risasi yenye tunaonaka ku waaskari, ku kofia za bluu za Umoja wa Mataifa na ku waandishi wa habari ni mujukuu wa lorica. Tofauti ni kwamba kazi kubwa inafanywa na uzi. Mu 1965, mwanamuke mukemia wa Marekani, Stephanie Kwolek, alipata uzi wenye nguvu sana wenye ulikuja kuitwa Kevlar. Nguo mingi za ule uzi, moja juu ya ingine, zinakamata risasi sawa wavu wenye kukamata mupira.

Lakini mambo mawili inafaa kujulikana, zaidi kwa sisi wenye tunaishi huku.

Ya kwanza: jile laini ya uzi tu inafanywa kwa risasi za bastola. Risasi ya bunduki ya vita sawa kalashnikov inaipita. Kwa kuizuia, lazima kutia ndani kibamba kigumu cha chuma ao cha seramiki. Kibamba cha seramiki kinaweza kupasuka ndani kama kilianguka chini, na kwa inje kisionekane. Jile ya kuokota ao ya kununua sokoni bila kujua mambo yake inaweza kuwa na kibamba kimekwisha kuharibika, ao bila kibamba kabisa.

Ya pili: kibamba kinafunika moyo na mapafu. Shingo, mikono, mapaja na kiuno vinabakia inje. Tena tunarudia ku kile kibamba cha Polybius, kinga ya moyo.

Biblia iko na hadisi juu ya hii pia, mu 1 Wafalme 22. Mufalme Ahabu anaenda vitani na anajificha mu mavazi ya kawaida ili adui asimutambue, chuma akiwa nayo ku mwili. Askari moja anavuta upinde bila kujua anapiga nani. Mushale unaingia mahali vipande vya chuma vinaungana. Mangaribi, Ahabu amekufa.

Namna ya kuchagua maana

Kama umekutana na lorica mu kitabu, jiulize: nani ao kitu gani kinaivaa?

Kama ni askari, sema koti ya chuma, ao dirii. Kama neno la pili liko, angalia: pete, magamba ao mabamba.

Kama ni boma, mnara ao kambi, sema ukuta wa kujikinga kifua.

Kama ni barua ya Paulo, sema dirii, sawa vile iko mu Biblia ya Kiswahili.

Kama ni kitabu cha sala, zaidi cha Irlandi, acha jina yake lorica na ueleze: sala ya kuomba ulinzi.

Kama ni kitabu cha biolojia, sema ganda.

Na kama ni zoezi ya egzameni, kumbuka kwamba boma haivae koti.